Mama Gift, Waliyemwita Mwalimu wa Mbwa

Mwaka umezunguka, Mama Gift, tangu tulipokulaza Lisekese, kwenu, kando ya baba yako, Mzee Nathanaeli, korosho zikiwa chini ya miti hazijaokotwa. Watu waliziacha mashambani wakaja kukuzika. Sasa korosho zimeanguka tena, na sisi wa nyumbani tumeona tukae tuzungumze nawe. Anayepita akisikia, asikie.

Anayeandika ni mimi mumeo, Lameck. Mama yako amekaa hapa kando, ananisahihisha ninapokosea. Gift yuko jikoni, anajifanya anaosha vyombo, lakini maji hayasikiki.

Mama anasema nianze na mambo madogo. Ulikuwa huwezi kumeza chakula mbele ya mtu asiyekula. Kwenye kwaya uliimba sauti ya pili, na ukikosea ulikuwa wa kwanza kucheka. Chai yako ya tangawizi uliisahau kila asubuhi, ikapoa, ukainywa hivyo hivyo umesimama mlangoni na begi begani. Darasani kwako hapakuwa na fimbo. Wanafunzi walituambia kwamba walichokiogopa ni pale uliponyamaza.

Ulifundisha Baiolojia katika sekondari ile ya Makote, na kwa sababu wewe ni wewe, wakakupa pia kazi ya malezi na ushauri. Hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Ulipewa chumba cha stoo, ukatoa majembe mabovu, ukaweka viti viwili. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuja kukaa kwenye kile cha pili, isipokuwa waliotumwa kwa kosa.

Kisha akafa Helena.

Alikuwa kidato cha tatu, msichana wa bwenini, mwenye mwandiko mzuri. Alijitoa uhai siku ambayo wenzake walikuwa kanisani na wengine wanafua. Namna hatuiandiki, maana wewe ulikataza isisimuliwe. Ulisema anayesimulia namna anamfundisha mwingine njia.

Siku ile uliporudi ulikaa kwenye kigoda cha jikoni bila kuvua viatu. Nilikuuliza kama umekula.

"Baba Gift," ukasema baadaye, "juzi alikuja ofisini kwangu. Nikamuuliza ana shida gani. Akasema hana. Nikamwambia basi nenda, nilikuwa nasahihisha mitihani."

"Usingeweza kujua," nikakuambia.

"Alikuja, Baba Gift. Mtoto asiye na shida anakuja kutafuta nini?"

Kitanda cha juu alilala Helena, na cha chini alilala rafiki yake, Mwanaheri binti Mudathiri. Baada ya msiba Mwanaheri aliacha kusema. Alikwenda darasani, akaandika alichoandikiwa ubaoni, akarudi. Chakula alikigusa tu. Ulimwita ofisini mara nyingi, mkakaa wote wawili kimya kama wagonjwa wanaosubiri dawa ambayo haijafika. Ulirudi nyumbani ukisema maswali yako yanamwumiza, na kunyamaza kwako kunamwumiza vilevile.

Mbwa wetu tulimlea tangu akiwa mtoto wa kubebwa kiganjani, rangi ya udongo wa Makote, sikio moja limelala. Ulimpa jina Yataisha mwaka ule maji yalipokatika muda mrefu na kila jirani akaja kwetu kulalamika. Ulikuwa ukimwita kwa sauti, Yataisha! Yataisha!, na majirani wakicheka licha ya shida zao. Kila asubuhi alikufuata hadi njia panda, ukamfukuza kwa kijiti, akarudi. Asubuhi moja hakurudi. Alikufuata kwa mbali hadi shuleni, akalala mlangoni mwa ile stoo, na Mwanaheri alikuwa ndani.

Tulilisikia jambo hilo kutoka kinywani mwako mara nyingi hata Gift alilijua kwa moyo. Kwamba msichana alimtazama mbwa, na mbwa akamtazama. Kwamba akashusha mkono taratibu, mkavu, akauweka juu ya kichwa chake. Kwamba mlikaa hivyo hadi kengele ikalia, na hakuna aliyeinuka.

"Mwalimu," akasema, "moyo wake unakwenda mbio."

"Ndivyo ulivyo moyo wa mbwa."

"Helena naye alikuwa na mbwa kwao. Alikuwa akimwota."

Kisha akalia, na wewe ukalia, na Yataisha akalala usingizi.

Tangu hapo hukutulia. Kwenye semina ya walimu wa malezi pale Masasi ulimfuata mtaalamu wa saikolojia wakati wa chai, ukamweleza. Akakuambia si jambo la kuchekesha, kwamba nchi nyingine mbwa hufundishwa makusudi wakapelekwa shuleni kukaa na watoto waliofiwa, wenye hofu, wasiolala. Akakueleza yanayotakiwa: mbwa awe mpole, awe amechanjwa, asimrukie mtu, asimlazimishe mtu, naye mwenyewe asichoshwe. Ulirudi na macho yanawaka. Mwaka mzima sikuwa nimeyaona yakiwaka.

Afisa mifugo, Bwana Ashraf, alikuja akamchanja na kumhasi. Wewe ulimfundisha uani. Kulala chini alijifunza upesi. Kuacha chakula kilichodondoka kulimtesa. Kuacha kuramba ndiko kulikokaribia kukushinda wewe. Ulipaka mchuzi kwenye kiganja, ukamnyooshea, na akitoa ulimi tu unageuka na kumpa mgongo. Gift alikuwa akimwonea huruma, akimpa kiganja chake kwa siri nyuma ya choo. Ulijua, ukanyamaza.

Ndipo Mzee Mudathiri alipokuja shuleni, amevaa kofia yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa. Uliinuka.

"Shikamoo, Baba Mwanaheri."

"Marahaba. Mwalimu, mimi nilileta mtoto asome. Sikumleta achezee mbwa."

"Ni kweli, Baba."

"Sisi ni Waislamu. Mbwa akimramba, sala ya mtoto iko wapi?"

"Nimemfundisha asirambe. Na mtoto anamshika akiwa mkavu, mkono nao mkavu. Nilimwuliza shehe wa hapa kabla sijamleta."

"Na akisahau akaramba? Ni kuosha mara saba, moja kwa udongo. Maji hayo utayatoa wapi hapa juu mlimani? Sisi wenyewe tunaoga kwa kata moja."

"Nitayaleta mimi."

"Kila siku?"

"Kila siku atakayokuja mbwa, na maji yatakuja."

Mzee alitazama chini. Ulituambia kwamba kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ni kweli ameanza kusema?"

"Ni kweli, Baba."

"Nyumbani hasemi."

Aliondoka bila kukubali wala kukataa. Juma lililofuata alifika na baiskeli, amefunga dumu la maji nyuma, na kifuko cha udongo safi juu yake. Akavitua mlangoni pa stoo, akaenda shambani kwake. Hakuacha kuleta hadi mwisho.

Wewe, Yataisha na wanafunzi mkakaa nyuma ya maktaba, chini ya mkorosho. Nilikutengenezea benchi. Ulikuwa na masharti: asiyetaka asije, asiyetaka kugusa akae tu, na litakalosemwa pale lisirudishwe bwenini. Walianza wasichana wawili watatu, wakaja wavulana wakijifanya wametumwa kuokota mabibo. Alikuja yule aliyefukuzwa nyumbani na mjomba, akaja aliyeshindwa mtihani na kuogopa kurudi kwao. Ulituambia hivi: mtoto akimtazama mwalimu usoni anameza maneno, akimtazama mbwa yanamtoka. Wale ambao maneno yao yalikuwa mazito uliwafuatilia hadi hospitali, na wengine hadi kwa wazazi wao, kwa miguu.

Watu walisema. Sokoni Newala walikuita Mwalimu wa Mbwa, na siku za mwanzo halikuwa jina la heshima. Mwalimu mwenzako alikuambia unaleta mambo ya Kizungu.

"Mbwa huyu kazaliwa Makote," ukamjibu, "mama yake kazaliwa Makote. Huo Uzungu kaupatia wapi?"

Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake. Ulihuzunika, lakini ulikwenda kumsaidia kubeba sanduku.

Sasa tunafika pale ambapo kalamu yangu ni nzito. Mama yako ameniambia niandike, maana watu wamelieleza vibaya.

Msimu uliopita, korosho zilipoanza kuanguka, kuliingia mbwa wagonjwa katika vijiji vyetu. Bwana Ashraf alipita akitangaza kichaa cha mbwa. Ulimfungia Yataisha nyumbani, ukawaambia wanafunzi hatakuja hadi hatari ipite. Lakini kulikuwa na Kulwa, wa kidato cha kwanza, mtoto mdogo wa mwili, aliyekuwa akikaa pale chini ya mkorosho kila alipopata nafasi. Alimkosa Yataisha. Akiwa pale aliona mbwa mdogo ametoka vichakani, anayumba, udenda unamtoka. Akadhani ana kiu. Akapiga magoti, akamwita kama alivyokuona wewe ukimwita Yataisha.

Ulisikia kelele ukiwa darasani. Ulipofika mbwa alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mtoto. Uliyafungua meno yake kwa vidole vyako. Walinzi wakammaliza yule mbwa kwa rungu, wewe ukambeba Kulwa hadi bombani, bahati maji yalikuwa yakitoka siku hiyo, ukamwosha kwa sabuni bila kuacha hata alipokusihi uache, ukampakia bodaboda, ukapanda nyuma yake, mkaenda hospitali. Alipata sindano yake ya kwanza siku ile ile.

"Na wewe, Mwalimu?" muuguzi akakuuliza. Kulwa ndiye aliyetuambia baadaye.

"Mimi hakuning'ata. Mwangalie mtoto."

Mikono yako ilikuwa na damu, nawe ulidhani ni ya Kulwa.

Kesho yake ulisimama mbele ya wanafunzi mstarini. Hukuwa na kipaza sauti, na waliokuwa nyuma wanasema walisikia kila neno. "Nimewafundisha kumpenda mbwa mmoja," ukasema. "Sikuwafundisha vya kutosha kuwaogopa wengine. Leo tunaanza." Na majuma yale yote ulipita darasa kwa darasa, ukifundisha mbwa mgonjwa anavyotembea, na kwamba hata mkwaruzo unaoshwa, na baada ya kuoshwa unakimbizwa hospitali. Uliyafundisha hayo nawe mkwaruzo wako uko pembeni mwa kidole gumba, umeshapona, umesahaulika.

Kidole kilianza kuwasha. Ukasema ni vumbi la chaki. Ikaja homa, tukadhani malaria. Asubuhi ya Jumapili nilikuletea maji ya kumezea dawa. Ulikipeleka kikombe mdomoni, koo likajikaza, mwili wote ukashtuka, kikombe kikaanguka. Ulijaribu tena. Hukuweza.

Ukanitazama. Ulikuwa mwalimu wa Baiolojia, Mama Gift. Ulijua kabla ya daktari yeyote.

"Baba Gift," ukasema, "mtoe Gift chumbani."

Tulikuteremsha kutoka Newala, tukapita Masasi, hadi hospitali ya Ndanda, dirisha la gari likiwa limefungwa kwa sababu hata upepo ulikutesa. Dada yako Regina alikushika njia nzima. Daktari alikuwa mpole. Alikuuliza kama uliwahi kuumwa na mnyama, ukamwonyesha kidole gumba.

"Nilidhani ile damu ni ya mtoto," ukamwambia.

Alinitoa nje akaniambia ukweli bila kuuzungusha, kwamba ugonjwa huu ukishaonekana hauna dawa, na kilichobaki ni kukupunguzia mateso. Walikupunguzia kadiri walivyoweza. Hatutaandika yote tuliyoyaona. Tunaandika tu yale uliyosema ulipopata nafuu kidogo.

"Kulwa alimaliza sindano zake?"

Nilimpigia mkuu wa shule. Alikuwa amemaliza zote, mzima, yuko darasani.

"Basi," ukasema. Na baadaye ukaongeza, "Yataisha hana kosa. Waambieni."

Hatukuwahi kuwaambia. Habari ilitangulia kufika Makote nasi tukiwa bado Ndanda tunaandaa jeneza, na njiani ilikuwa imepinda. Waliambiwa Mwalimu ameuawa na mbwa wake. Walikuja nyumbani kundi zima. Yataisha alikuwa amefungwa nyuma ya jiko, na kwa kuwa aliwafahamu wengi wao, alilala chini kama ulivyomfundisha. Gift alikuwa kwa jirani, ukuta mmoja na pale. Alisikia yote.

Mzee Mudathiri alinifuata msibani, hana kofia, kanzu ina udongo.

"Baba Gift, nimeshindwa. Nilisimama mbele yao. Nikawaambia mbwa huyu kachanjwa, si yeye. Wakaniambia, Mzee, wewe Mwislamu leo unatetea mbwa? Wakanisukuma." Akafuta uso. "Nimemzika mimi mwenyewe shambani kwangu. Sikuweza kumwacha vile. Nimeshakoga, usiogope kunishika mkono."

Nilimshika mkono.

Wale waliomwua si watu wabaya, Mama Gift. Miongoni mwao wamo ambao watoto wao ulikaa nao chini ya ule mti. Kesho yake walikuja Lisekese, wakalibeba jeneza lako kwa zamu, jua kali, hawakutaka kupokewa. Tunasalimiana nao. La kuwaambia bado hatujalipata.

Shuleni hakuna mbwa tena. Mwalimu aliyepewa kazi yako ni mwema, lakini ana vipindi vingi, na stoo imerudishiwa majembe. Benchi liko jikoni, wapishi wanakalia. Tungependa kukupa habari nyingine, lakini hukupenda kudanganywa.

Gift aliacha kulia kabla hajaanza. Mbwa akibweka popote, alijifungia. Darasani alikaa akitazama dirisha. Tulimpeleka kwa mshauri, akamjibu kwa adabu: ndiyo, hapana, ahsante. Regina alikaa nasi likizo yake yote, asubuhi alikuwa akimsuka nywele, mtoto hasemi.

Mwanaheri alikuwa kwenye mitihani ya kidato cha nne ulipofariki. Alipomaliza alikuja na baba yake, akabaki kwetu siku kadhaa. Alikaa ukumbini na Gift, wakibangua korosho. Hakumwuliza kitu. Siku ya pili au ya tatu, mama yako akiwa mlangoni, alisikia Gift akiuliza bila kuinua macho:

"Dada, Yataisha aliumia sana?"

"Sijui," Mwanaheri akasema. "Sikuwepo. Sitakudanganya. Ila baba alimzika, na mimi napajua. Ukitaka, twende."

Walikwenda. Mama yako aliwafuata kwa mbali. Anasema pale kuna mawe matatu na majani yameota. Gift alisimama tu. Kisha akapiga yowe, akajitupa chini, akakuita wewe. Hakumwita mbwa, alikuita wewe. Alilia hadi jua likawa la jioni, na Mwanaheri alikaa chini kando yake, mkono mgongoni, hakumwambia nyamaza. Tangu siku ile mtoto anakula. Analala. Ananikaripia nikisahau chai.

Mwanaheri sasa yuko chuo cha uuguzi. Kulwa yuko kidato cha pili. Mkono wake una kovu, na anapita madarasani na Bwana Ashraf kuwaonyesha wenzake kovu hilo na kuwaambia kilichotokea, bila kuficha kwamba yuko hai na wewe haupo.

Unakumbukwa na mama yako Maria, ambaye kila Jumapili bado anakuwekea nafasi kwenye benchi la kanisa. Na dada yako Regina. Na kaka yako Christopher na jamaa wote wa Lisekese. Na Mzee Mudathiri na nyumba yake. Na wanafunzi wako wa Makote. Na binti yako Gift. Na mimi mumeo, ambaye sijaondoa nguo zako mlangoni.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumamosi hii asubuhi, nyumbani kwetu Makote. Tunawaomba ndugu na majirani wasilete maua. Walete mbwa. Bwana Ashraf atakuwepo na chanjo, hakuna malipo, na waliokuja na rungu mwaka jana nao tunawaomba waje na mbwa wao. Kila mbwa afungwe kamba. Maji na sabuni vitakuwepo, na udongo kwa anayeuhitaji. Na yeyote aliyekwaruzwa, hata kidogo, hata kama anadhani damu si yake, asisubiri Jumamosi, akimbie hospitali leo.

Bwana Ashraf alituuliza nani atawashika mbwa wakati anachoma sindano. Gift akatoka jikoni, mikono bado ina mapovu, akasema, "Nitawashika mimi."

Hutatutoka moyoni, Mama Gift, maisha yetu yote.